Ngiri Aliyehukumu Uzuri wa Nchi

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia?

Mwamsheni!

Mwenye masikio?

Ameyatega!

Haya, yategeni vizuri, maana humu mna Fisi, nanyi mnamjua.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na nchi moja yenye pande tatu. Palikuwa na Milimani, palikuwa na Ziwani, na palikuwa na Mbugani. Nchi ilikuwa moja na malkia wake alikuwa mmoja, naye ni Bi Tembo.

Mwaka mmoja mto uliopita penye makao ya Bi Tembo ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Bi Tembo akawaita wanyama wote, akasema, "Wanangu, mimi nahama. Nitahamia upande ulio mzuri kuliko pande zote za nchi hii. Huko ndiko nitakakokaa, na huko ndiko karamu zote zitakakoliwa."

Lo! Wanyama wakaanza kelele. Mbega wa Milimani akasema ni kwao. Heroe, ndege wa Ziwani, akasema ni kwao. Fisi wa Mbugani akapiga kelele kuliko wote, maana alikuwa anawaza mifupa ya hizo karamu.

"Nyamazeni!" akasema Bi Tembo. "Ngiri ataizunguka nchi, atazame, kisha aniambie. Ngiri, wewe huna makuu. Nakuamini. Lakini ukinidanganya, nitakukalia. Na mimi nikikaa siinuki upesi."

 Ngiri alimtazama Bi Tembo kwa mbele, akamtazama na kwa nyuma, akaona kukaliwa si jambo la mchezo. Hata hivyo moyoni alifurahi. Tangu azaliwe hakuna aliyemwomba ushauri, hata mkewe.

Alipotoka tu, Fisi huyoo, anamfuata.

"Mwamuzi mkuu!" akasema Fisi. "Mtu mkubwa kama wewe hatembei peke yake. Mimi nitakuongoza, njia zote nazijua."

Ngiri kusikia "mwamuzi mkuu" akainua mkia juu kama bendera. Wakaondoka, na njiani Fisi akawa anaimba:

*Kwetu, kwetu, kwetu raha!*
*Kwenu, kwenu, kwenu karaha!*

Wakafika Milimani alfajiri, baridi kali, ukungu umetanda. Fisi akamsimamisha Ngiri juu ya jabali.

"Mwamuzi mkuu, unaona nini?"

"Naona nyeupe."

"Na kule?"

"Nyeupe."

"Basi ndiyo Milimani yote hiyo. Twende zetu."

Mbega akashuka mtini mbio, joho lake linapepea. "Jamani, ngojeni! Ukungu utaondoka sasa hivi!"

"Ndivyo wasemavyo tangu enzi za babu yangu," Fisi akamnong'oneza Ngiri. Ngiri meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, wakaenda zao.

*Kwetu, kwetu, kwetu raha!*
*Kwenu, kwenu, kwenu karaha!*

Wakakaribia Ziwani. Fisi akasema, "Mwamuzi mkuu, fumba macho. Jua la huku likipiga majini linapofusha. Mimi nitakushika mkono, nikikwambia fumbua, ufumbue."

Ngiri akafumba. Fisi akamwongoza, akamwongoza, akamweka nyuma ya Kiboko. Si kando ya Kiboko, wala si mbele. Nyuma! Na Kiboko ndiyo kwanza ameshiba majani.

"Fumbua!"

Ngiri akafumbua. Kiboko naye akaanza kutikisa mkia. Jamani, mmewahi kumwona Kiboko akijisaidia? Haangushi chini kwa adabu kama wenziwe. Anarusha! Chwa! Chwa! Chwa!

Heroe akaja akikimbia kwa ile miguu yake mirefu. "Mzee wangu, geuka! Tazama huku, ziwa liko huku!"

Ngiri hakugeuka. Alikuwa anatema mate.

*Kwetu, kwetu, kwetu raha!*
*Kwenu, kwenu, kwenu karaha!*

Wakafika Mbugani jioni. Fisi alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu. Akamkalisha Ngiri juu ya kichuguu, akamwekea mizizi mitamu mbele yake. Jua lilikuwa linazama, nyasi zote zimekuwa rangi ya dhahabu, migunga imesimama imetandaza matawi, na swala wanapita mmoja mmoja. Ngiri akatafuna na kutazama, akatazama na kutafuna, mpaka machozi yakamlengalenga.

Akaenda kwa Bi Tembo akasema, "Mama, Mbugani ndiko kwenye uzuri."

Basi Bi Tembo akahamia Mbugani. Wala hakuja peke yake. Alikuja na dada zake, na mashangazi, na wana wa mashangazi, na wakwe wa wana wa mashangazi. Wakijikuna migongo, migunga inaanguka. Wakinywa maji, dimbwi linabaki tope. Wakitembea, nyasi zinakuwa vumbi. Shangazi mmoja akatafuta pa kupumzikia, akakaa juu ya mlango wa pango la Fisi, na Fisi yumo ndani! Alitokea upande wa pili baada ya kuchimba kutwa nzima.

Mifupa nayo? Hakuna. Karamu ya tembo ni majani.

Ngiri naye, nyumbani kwake, alikuwa anamhadithia mkewe safari.

"Milimani uliona nini?" akauliza mkewe.

"Nyeupe."

"Na Ziwani?"

"Matako ya Kiboko."

"Na Mbugani?"

"Machweo. Na mizizi. Mizizi mitamu, mama watoto!"

Bi Ngiri akaacha kazi yake, akamkazia macho. "Kwa hiyo, mume wangu, umeihukumu nchi nzima kwa ukungu, matako na mizizi?"

Ngiri akainamisha kichwa. Mkia uliokuwa juu ukashuka taratibu. Akakumbuka jinsi Mbega alivyoshuka mbio, akakumbuka jinsi Heroe alivyomwita mzee wangu. Hakupata usingizi wala hamu ya kula.

Kulipokucha akarudi Milimani, peke yake. Akakaa kando ya Mbega, akatetemeka, akangoja. Jua likapanda. Ukungu ukaanza kuinuka kama pazia, na chini yake, loo! Maporomoko ya maji yakishuka kwenye miamba, misitu ya kijani juu ya kijani, na mbali kabisa kilele kinang'aa.  Ngiri alikaa pale mdomo wazi mpaka nzi akaingia.

Akaenda Ziwani. Safari hii alimpigia Kiboko hodi, akapita kwa mbele. Akaona ziwa limelala kama kioo, na heroe wengi hata maji yenyewe yamekuwa ya rangi ya waridi. Kisha wakaruka wote kwa pamoja, na mbingu nayo ikawa ya waridi.

"Nilikuwa nimesimama papa hapa," Ngiri akajisemea, "nikatazama matako!"

Akarudi kwa Bi Tembo, akapiga magoti. "Mama," akasema, "nimekudanganya bila kujua. Fisi aliniongoza nimefumba macho, nikatazama alikonielekeza. Kila upande una saa yake ya kupendeza, nami sikungoja. Ukitaka kunikalia, nikalie, ila naomba ukae polepole."

Kabla Bi Tembo hajajibu, Fisi akajitupa chini mbele yake, mwili mzima vumbi. "Mama, anasema kweli! Milimani ni kuzuri! Ziwani ni kuzuri mno! Nendeni, nawaombeni, nendeni hata leo!"

Bi Tembo akatikisa masikio. "Kumbe uliyajua hayo yote, ukamwongoza mwenzio akiwa amefumba macho?"

Fisi akaufyata mkia, akarudi nyuma.

"Ngiri, simama, mwanangu," akasema Bi Tembo. "Aliyerudi mwenyewe kusema amekosa, simkalii. Kuanzia leo sitakuwa na makao. Nitakwenda Milimani, nitakwenda Ziwani, nitarudi Mbugani nyasi zikiota, nione kila mahali kwa saa yake. Na wewe Fisi, utatangulia mbele yetu, usifie kwa sauti kila tunapopita, na usipumzike."

Ndiyo maana mpaka leo tembo hawatulii mahali pamoja. Na ndiyo maana Fisi analia "Uuuu-wii!" Anasema "Kuzuri!", ila sauti imemkauka. Na Ngiri, tangu siku hiyo, akiingia shimoni anaingia kinyumenyume, uso nje, asije akapitwa na kitu cha kutazama.

Funzo lake, wanangu, ni hili: kwenu kupendeni, lakini msisifu kwenu kwa kutukana kwa wenzenu. Na kabla hujasema mahali ni pabaya, nenda kwa miguu yako, tazama kwa macho yako, na ungoje ukungu uondoke.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini. Iliyo tamu bebeni mwende nayo, iliyo chungu niachieni mwenyewe.