Kwa Nini Mishono ya Mifarishi ya Mghalu Haifanani

Kaeni vizuri, tuliosikia tuwape msiosikia. Kulikuwa na wakati ambapo watu wa Mghalu, kule juu kwenye milima ya Taita, hawakuujua mfarishi, yaani blanketi linaloungwa kwa vipande vya nguo. Walijifunika ngozi za mbuzi, na aliyejaliwa kidogo aliongeza juu yake shuka la marikani lililopandishwa kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Baridi ya huko mnaijua. Ukungu hushuka alfajiri na kukaa mlangoni kama mgeni asiye na haraka.

Wakati huo nguo ilikuwa na mambo yake. Watu waliamini kwamba nguo ikishavaliwa imekunywa jasho la mwenyewe, na mtu mwingine akiishika anaweza kumdhuru. Leso ilipochakaa haikugawiwa mtu wala kutupwa. Ilichomwa moto, au ilizikwa nyuma ya nyumba. Hata kitambaa cha kufungia kidonda mtu alikitoa kwake mwenyewe.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Saru. Mumewe, Mwadime, alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Saru hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, Mkamburi, bibi mwenye maneno machache na magoti mabovu. Msimu wa baridi ulipoingia, magoti ya Mkamburi yalivimba, na ile ngozi ya mbuzi ikawa nzito mno kwake, hata kugeuka kitandani hawezi. Saru akaanza kuwaza namna ya kumtengenezea kitu chepesi kinachotunza joto.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na sindano moja aliyoachiwa na marehemu, na nguo zake kuukuu alizopaswa kuzichoma: leso mbili, kaniki nyeusi na shuka la marikani. Alizikata vipande akaviunga. Kwa kuwa hakuwa amekunja pindo, kingo zilifumuka kabla hajafika nusu, ikabidi aanze upya. Mara nyingine aliunga kipande cha kaniki na kipande cheupe cha marikani, alipofua kaniki ikachuja na kila kitu kikawa na rangi ya majivu. Hapo akajua kwamba kitambaa huloweshwa na kufuliwa kwanza, ndipo kikatwe. Alijifunza kutandika marikani kuukuu katikati, na kupitisha bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, toka juu mpaka chini ili kile cha katikati kisikimbilie upande mmoja. Kidole kilipoanza kutoka damu, alikifunga kijipande cha ngozi, kazi ikaendelea.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba aliipenda. Akitoka shamba, kabla hata hajainjika chungu, alivitandaza vipande mkekani na kuvitazama. Alihamisha chekundu kikakaa karibu na cha manjano, akarudi nyuma hatua, akakihamisha tena. Tangu Mwadime afariki hakuwa amepata kitu cha kumfanya asahau njaa.

Siku moja Mkamburi alimtazama, kisha akasema, "Mwanangu, magoti yangu hayana macho. Shona tu nijifunike."

"Najua, mama," Saru akajibu. "Lakini mimi ninayo."

Leso zake ziliisha, na mfarishi ulikuwa haujafika hata kwenye magoti ya bibi. Jirani yake, Wakio, ambaye walikuwa wakienda pamoja kisimani, aliuona ukiwa umetandazwa. Wakio alisimama mlangoni akiwa amembeba binti yake Mshai mgongoni, akauangalia mpaka Mshai akaanza kulalamika. Kesho yake alirudi na kipande cha leso ya rangi ya chungwa, ile aliyombebea Mshai alipokuwa mchanga.

"Chukua," alisema. "Lakini usimwambie mtu kwamba nimekupa mimi."

Baada ya Wakio wakaja wengine. Huyu alileta kipande chini ya kapu la viazi, yule alikificha kwapani. Walikuja kuutazama mfarishi, wakaupenda, wakatamani na rangi zao ziwemo. Na kila mmoja aliondoka na neno lile lile: usiseme. Saru aliahidi kutosema. Aliona ni aibu tu ya watu wanaovunja mazoea, wala hakuwaza zaidi. Mfarishi ukakua mpaka ukawa unamfunika Mkamburi kuanzia kidevuni hadi kwenye vidole vya miguu, na bibi akalala bila kuugulia maumivu.

Mavuno yalipokwisha, watu kadhaa wa Mghalu waliteremka bondeni kwenye harusi. Wakio alikwenda na Mshai. Waliporudi, haikupita siku nyingi Mshai akashikwa na homa. Alitetemeka, akachemka, akatulia kidogo, kisha akaanza tena kutetemeka. Dawa za nyumbani hazikusaidia. Mama mmoja aliyekuja kumpa pole Wakio aliuliza kama kuna mtu yeyote mwenye nguo ya mtoto huyo. Wakio, akiwa hajalala wala hajala, alisema kwamba kipande cha leso ya Mshai kiko kwa Saru.

Hakusema alikipeleka yeye.

Kabla ya jua la adhuhuri habari zilikuwa zimezunguka kijiji kizima. Saru aliitwa uani kwa Mzee Kirigha, aliyekuwa mkuu wa wazee wa Mghalu, na akaambiwa aje na mfarishi wake. Ulitandazwa chini mbele za watu. Hata waliokuja na hasira walisogea kuutazama, maana wengi wao hawakuwa wameuona ukiwa mzima.

"Mke wa marehemu Mwadime," Mzee Kirigha alianza, "vipande hivi umevipata wapi?"

"Nilipewa, mzee."

"Na nani?"

Saru aliwatazama wanawake waliokuwa wamekaa upande wa pili. Hakuna aliyeinua uso. Angeweza kuwataja mmoja mmoja, lakini alikuwa ameahidi, na tena alidhani wangesema wenyewe. "Waulizeni wenye vipande," alisema. "Wako hapa."

Basi wakaulizwa. Wa kwanza alisema leso yake ilipotea ikiwa imeanikwa. Aliyefuata akasema na yake pia ilipotea. Baada ya hapo ikawa rahisi, kila mmoja akawa na kamba yake ya kuanikia na nguo iliyotoweka. Saru alimgeukia Wakio. Wakio alikuwa ameinamia kichwa cha Mshai, anampepea kwa ncha ya leso, na hakusema ndiyo wala hapana.

Mzee Kirigha na wenzake waliamua kwamba kila mwenye kipande akitoe. Kama mtoto angefariki, Saru angeondoka Mghalu. Wanawake wakainama na visu. Wengine walifumua uzi kwa uangalifu, wengine walikata tu, na mahali pengine kisu kilipitiliza mpaka upande wa pili. Saru alisimama akitazama. Alikuwa anakijua kila kipande, kilikaa wapi kabla ya kukaa pale, na kwa nini alikihamisha.

Alipofika nyumbani aliusogeza mfarishi karibu na moto.

"Unataka kufanya nini?" Mkamburi aliuliza kutoka kitandani.

"Kuuchoma, mama. Wanasema ni uchawi."

"Ninayelala chini yake ni mimi. Kama ungekuwa uchawi ungeanza na mimi niliye karibu. Ulete hapa."

Saru akamfunika. Matundu yalikuwa mengi, na goti moja la bibi lilichungulia nje. Kwa siku zilizofuata Saru hakwenda kwenye kisima cha kijiji. Alikwenda kwenye chemchemi ya mbali, akipita njia ya mawe ili asikutane na mtu. Mwanzoni alichokiona moyoni kilikuwa aibu, kana kwamba kweli aliiba. Alijishangaa kwa hilo. Baadaye aibu ilipungua, pakabaki hasira, nayo hasira ilikuwa nyepesi kuibeba.

Kipande kilikuwa kimetolewa, lakini homa ya Mshai haikutoka. Kisha mjukuu wa Mzee Kirigha naye akaanza kutetemeka namna ile ile, na nyumbani kwa Kirigha hakujatoka hata uzi kwenda kwa Saru. Watu wakaanza kuulizana, ikaonekana kwamba mtoto huyo naye alikwenda kwenye harusi. Mzee alituma watu bondeni wakamlete mganga wa mitishamba. Mganga aliwagusa watoto wote wawili shingoni, akawatazama macho, wala hakukaa sana.

"Hii tunaijua sisi," alisema. "Ni homa ya bondeni. Huwashika wageni wanaolala karibu na kinamasi. Wapeni hii, ni chungu, wawekeeni na asali."

Watoto walikunywa, wakatapika, wakanywa tena. Mjukuu wa mzee alipona kwanza. Mshai alichukua muda, lakini naye akainuka, akaomba uji.

Hakuna aliyeitisha mkutano wa kusema kwamba walikosea. Mzee Kirigha alimtuma mtu amwambie Saru kuwa shauri lile limekwisha. Saru alikuwa anapalilia maharage. Hakuinua mgongo. "Mwambie nimesikia," alisema.

Asubuhi moja, ukungu ukianza kuinuka, Wakio alifika na Mshai akitembea mwenyewe kando yake. Saru alikuwa ameketi kibarazani anachambua mboga. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya njia ya kisimani, na wakati huo wanawake walikuwa wanapita na vibuyu vyao. Wakio alisimama chini ya ngazi. Mkononi alikuwa na kile kipande cha rangi ya chungwa, kimefuliwa na kukunjwa. Wengine wote walikuwa wamevichoma vyao. Wakio hakuweza.

"Nimekuletea," alisema.

"Sikumbuki kukuomba kitu," Saru akajibu.

"Hukuniomba. Hata mara ya kwanza hukuniomba." Wakio akakinyoosha kile kipande. "Siku ile kwa mzee nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Niliogopa mtoto atakufa. Nikaona nikisema nilikupa mwenyewe, watasema nimemuua mimi."

Saru aliacha mboga. Alikuwa amesubiri maneno hayo kwa muda mrefu, na sasa yalipofika hakuona kama yanatosha. Wala hakuona kwamba hayana maana. Aliingia ndani, akarudi na mfarishi wenye matundu, sindano yenye uzi, na kigoda. Akakiweka kigoda pale kibarazani, upande wa njiani.

"Mimi sitakishona," alisema. "Kaa hapo ukishone wewe."

"Saru, mimi sijui kushona. Nitakuharibia."

"Hata mimi sikujua. Kaa, watu wapite wakuone. Nisije tena kuulizwa nilikipata wapi."

Wakio akakaa. Mishono yake ilikuwa mikubwa, mingine imepinda, mingine imerukana. Alijichoma kidole akakinyonya, akaendelea. Wanawake waliokuwa njiani walipunguza mwendo. Mmoja aliuliza anafanya nini, na Wakio, bila kuinua macho, akajibu kwa sauti ya kusikika, "Narudisha kipande changu. Nilimpa mwenyewe tangu mwanzo." Yule mwanamke alisimama kidogo na kibuyu chake, kisha akaondoka haraka.

Mkamburi alikuwa ametoka nje akijikongoja kuota jua. Aliuangalia ule mshono, akamwegemea Saru. "Mwanangu, kile kimekaa kombo. Akishaondoka kifumue ukinyooshe."

"Hapana, mama," Saru akasema. "Hicho sikigusi."

Yule wa kibuyu alirudi kabla ya wiki kwisha, na kipande cha leso nyingine, maana ile ya kwanza aliichoma. Saru akampa kigoda na sindano, wala hakumwambia neno lolote baya. Wakaja wengine, mmoja mmoja, mchana, kwa njia ya mbele. Aliyetaka kuacha kitambaa na kuondoka alirudishiwa kitambaa chake. Wapo waliokuja wakalia, wapo waliokuja wakizungumzia mvua tu, na Saru aliwapokea hivyo hivyo. Wachache hawakuja kabisa. Matundu yao aliyaziba kwa marikani nyeupe, isiyo na rangi wala jasho la mtu.

Ilichukua muda yeye na Wakio kwenda tena pamoja kisimani. Walianza kwa kukutana njiani, halafu kwa kungojana. Baadaye Saru alishona mifarishi mingine mingi, na Wakio alikaa kibarazani kwenye kila mmoja, mishono yake ikiwa mibaya kama siku ya kwanza.

Na tangu wakati huo, watu wa Mghalu hawazichomi nguo zao zilizochakaa. Huzikata wakazipeleka kwa anayeshona mfarishi, mchana, mlango ukiwa wazi, na mwenye kitambaa hukaa chini akakishona kwa mkono wake mwenyewe, awe anajua au hajui. Ndiyo maana mifarishi ya huko ina mishono ya kila namna, hapa midogo kama punje za wimbi, pale imetambaa kama njia ya mlevi, na katikati mna kipande cheupe kimoja au viwili, vya wale wasiokuja. Wanunuzi wa bondeni hudhani ni kazi ya wasiojua kazi. Lakini mwulize mwenye mfarishi mshono ule uliopinda ni wa nani, naye atakutajia jina. Ndivyo ilivyokuwa, nami nimewapa kama nilivyopewa.