Kanuni ya Kashata

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na leseni za udereva... Wewe huko nyuma usicheke, sijafika pa kuchekesha. Hapo zamani, nasema, pori zima lilikuwa na bwawa moja tu, na kila mwaka wanyama walishindana mbio za magari kuligombea. Mshindi ndiye aliyetangulia majini mwaka mzima. Wengine walingoja amalize.

Na mshindi kila mwaka alikuwa nani? Bwana Kiboko! Wala hakuwa anakunywa kistaarabu akaondoka. Anaingia mzima mzima, chubwi! Anaoga, anajisugua, anapiga chafya, na mengine siyataji maana kuna watu wanakula hapa. Akishatoka, ndipo Bi Pimbi na watoto wake saba wakinge maji ya kunywa.

"Mama, maji yananuka Kiboko!"

"Ziba pua, unywe."

Alisema hivyo kwa mdomo tu, lakini moyo ulimuuma. Kitinda mimba wake alikuwa na wiki ya pili anaharisha, amebaki masikio matupu. Bi Pimbi akaapa kwamba mwaka huu lazima maji yawe safi, iwe isiwe.

Sasa msidhani Kiboko alikuwa dereva hodari. Hodari wapi! Hata kurudi nyuma alikuwa hajui. Siri yake ilikuwa matairi. Kila mwaka alifunga mapya, yenye kashata nene. Si hizo mnazozifikiria, walafi nyie! Mafundi wa magari huziita kashata zile nundu za tairi zinazoshika barabara. Matairi yakishachakaa yakawa vipara, Kiboko huwagawia wenzake na kujiita mfadhili. Wenzake wakifika Mlima Utelezi na vipara vyao, wanarudi kinyumenyume, seree! mpaka mtaroni.

Lakini mwaka uliotangulia Bi Pimbi, na vipara vyake vivyo hivyo, alikaribia kumpita kabla ya kufika mlimani. Kiboko hakulala usingizi. Akaitisha kikao cha Kamati ya Kanuni. Kamati ilikuwa na wajumbe watatu: Kiboko, mke wake, na shemeji yake. Wakala, wakashiba, wakatoka na kanuni mpya:

"Gari lisilo na kashata kwenye matairi haliruhusiwi kushindana. Na kashata zikilika njiani, gari limetoka."

Lo! Wanyama waliguna pori zima. Swala akaliegesha gari lake akaenda zake. Nguchiro lake akaligeuza banda la kuku. Bi Pimbi yeye alirudi nyumbani akawasha jiko.

"Mama, unapika nini?"

"Matairi."

Kwani sijawaambia? Bi Pimbi alikuwa muuza kashata sokoni. Kashata za nazi, wanangu, ukila moja unasahau jina lako. Na mteja wake mkubwa ni huyo huyo Kiboko, ambaye alikuwa anameza sinia zima kisha anauliza, "Za kuonja zimekwisha. Za kununua ziko wapi?"

Siku ya mbio ikafika. Mwamuzi alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja, kitabu cha kanuni kwapani. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa sarufi. Ukimsalimia vibaya, anakusahihisha kwanza ndipo anaitikia.

Kiboko akaja na gari lake, GWUUUM! GWUUUM! Nyuma yake, prrr-pa! prrr-pa! Bi Pimbi huyo, ndani ya kigari cha madebe. Na matairi yake, mama yangu! Yamebandikwa kashata za nazi kuanzia huku mpaka huku, zimeganda kwa sukari nzito.

"Toba!" Kiboko akapiga kelele. "Hizo si kashata!"

Korongo akagonga moja kwa mdomo, ko! ko! ko! Akanusa.

"Nazi. Sukari. Ni kashata."

"Mimi nilikusudia kashata za tairi!"

"Ulichokusudia hakimo kitabuni, Mwenyekiti. Kitabu kinasema 'kashata kwenye matairi.' Kashata nimeziona. Matairi nimeyaona. Kwenye, ziko kwenye. Haya, tayari?"

Filimbi ikalia, pyuuu!

Kiboko akatangulia, vumbi timtim. Bi Pimbi akafuata, prrr-pa, prrr-pa, mpaka Mlima Utelezi. Watazamaji wakafumba macho wasimwone anavyoporomoka. Haporomoki! Jua lilikuwa limeilainisha ile sukari, na matairi yananata kwenye udongo, nwa! nwa! nwa! Kigari kinapanda.

Juu kileleni palikuwa na kituo, na kila dereva alilazimika kusimama aongeze maji kwenye rejeta. Kiboko alikuwa amemaliza kuongeza, yuko mlangoni mwa gari lake, Bi Pimbi alipofika.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Bado upo tu?"

"Nipo, mzee wangu. Niangalizie gari nikachote maji. Nimesahau ndoo, nina kijiko tu."

"Kijiko! Kwa-kwa-kwa!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likapiga honi. Bi Pimbi akaenda zake na kijiko, taratibu.

Kiboko akabaki na matairi. Harufu ikamjia. Akageuza uso. Harufu ikamfuata.

"Hebu kwanza," akajiambia. "Kashata zikilika, gari limetoka. Kanuni yangu mwenyewe! Nikizila, nimeshiba na nimeshinda. Mimi ni mtu wa akili sana."

Nyam! Tairi la kwanza. Nyam! La pili. La tatu akalamba, la nne akalamba mara mbili. Akarudi garini anafuta mdomo. Bi Pimbi akaja na kijiko chake, akamimina rejetani, hakutazama tairi hata moja. Prrr-pa! Akaondoka.

"Nenda, mama, nenda!" Kiboko akampungia mkono. "Umeshatoka, hujijui tu!" Akaegemea kiti, tumbo limejaa, akateremka polepole.

Lakini huo ulikuwa mteremko, wanangu. Na kwenye mteremko wa utelezi, tairi kipara linafanyaje? Seree! Bi Pimbi alishuka kama sabuni bafuni, akavuka mstari, akapitiliza, akasimama ndani ya banda la kuku la Nguchiro.

Shangwe! Watoto saba wakarukaruka. Baadaye sana Kiboko naye akafika, anatabasamu.

"Mheshimiwa mwamuzi, kagua matairi ya huyo mama! Kashata zimelika!"

Korongo akakagua. Vipara vitupu. Akakuna kichwa, akafungua kitabu. Kitinda mimba akamshika mama yake sketi, akaanza kulia.

"Bi Pimbi, una la kusema?"

"Sina la kujitetea, mheshimiwa. Kosa ni langu. Mwaka huu nilipika kwa haraka, nikasahau kutia korosho katikati, ndiyo maana zimelika upesi."

"Korosho hakuna wapi!" Kiboko akadakia. "Zilikuwemo! Mbili mbili kila kashata, tena zimekaangwa vizuri..."

Pori zima likamgeukia. Chembe ya nazi ikadondoka kutoka kwenye sharubu zake, tip.

Korongo akafunga kitabu, pap!

"Kanuni inasema 'zikilika.' Kulika ni kuisha kwenyewe, kwa kutumika. Hizi hazikulika. Hizi *zimeliwa*, na cha kuliwa kina mlaji. Bi Pimbi hajatoka. Bwawa lake!"

"Lakini mimi nilikusudia..."

"Ulichokusudia hakimo kitabuni, Mwenyekiti."

Tangu siku hiyo watoto wa Pimbi hunywa kwanza, maji meupe, bila kuziba pua. Kitinda mimba akanenepa mpaka masikio yakapotea. Na Kiboko? Kila asubuhi yuko mwisho wa foleni, taulo begani, anangoja zamu ya kuoga.

Hadithi yangu imefika bwawani, atakaye maji apange foleni. Na mlishike hili, wanangu: mchimba kisima huingia mwenyewe, na akiwa mlafi huingia mdomo wazi.