Vigoda Vitano vya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mpira!"

"Udunde!"

"Wavu!"

"Utikisike!"

"Na wewe uliyejifunika khanga huko nyuma, umelala?"

"Niko macho!"

Haya, kaa vizuri basi, maana ninayemsimulia leo ni mdogo. Ukipepesa jicho atakupita.

Hapo kale wanyama walikuwa na vyuo, na kila chuo kilikuwa na timu ya vijana wa kiume ya mpira wa kikapu. Msimu ulipokwisha, wachaguzi walikaa kitako wakateua wachezaji watano bora wa vyuo vyote. Watano tu. Kila mmoja alipewa kigoda cha mbele na rundo la matikiti maji, na bendera ya chuo chake ikapandishwa mlingotini, nchi nzima ikiitazama.

Lakini walikuwa na mila moja. Kabla ya kuonja tikiti, wateule wa vigoda vitano walicheza na watano kutoka kwa waliobaki. Wakishinda, vigoda ni vyao. Wakishindwa, wanainuka, wanakaa waliowashinda. Ndiyo maana mchaguzi aliyempachika mpwa wake kwa upendeleo alimwona mpwa huyo akiaibika siku ile ile, tena mchana kweupe.

Sasa, kulikuwa na Nguchiro wa Chuo cha Kichuguuni. Mfupi! Akisimama wima anafika gotini kwa Swala. Msimu mzima hakufunga hata kikapu kimoja, lakini pasi zake! Du-du-du, anapita chini ya tumbo la huyu. Du-du-du, anapita kati ya miguu ya yule. Fyuu! Mpira umeshafika kwa mwenzake, na mwenzake anafunga, chwaa! Timu ya Kichuguuni iliyokuwa ikishika mkia kila mwaka ikaanza kuwatoa watu jasho.

Bendera ya Kichuguuni alikuwa ameishona mama yake Nguchiro, zamani, mwanawe hajazaliwa. Haijawahi kupanda mlingotini. Kila mwaka Mama Nguchiro aliianika juani isiliwe na nondo, akaikunja, akairudisha sandukuni. Majirani walimcheka. "Shoga, hiyo bendera au shuka la wageni?" Yeye alicheka nao, kisha akaenda kulia jikoni peke yake. Nguchiro alijua, na alitaka jambo moja tu duniani, mama yake aione bendera ile ikipepea.

Siku ya kutangaza ikafika. Mwenyekiti wa wachaguzi, Mama Korongo, akasimama kwa mguu mmoja, akasafisha koo.

"Kigoda cha kwanza, Twiga!"

Vigelegele.

"Cha pili, Mbuni! Cha tatu, Kima! Cha nne, Kiboko!"

Watu wakapiga makofi, lakini kwa Kiboko walipiga kwa woga. Kiboko wa Chuo cha Mtoni alikuwa na nguvu, hilo sibishi. Alifunga vikapu vingi kuliko wote. Ila mpira ukifika mikononi mwake ndiyo basi tena, hautoki. Hajui pasi. Wenzake wa Mtoni walikuwa wanakuja uwanjani kumtazama tu, kama waliokata tiketi.

"Na cha tano," akasema Mama Korongo, "Nguchiro wa Kichuguuni!"

Lo! Kichuguuni waliruka, wakakumbatiana, wakaangushana. Mama Nguchiro alikuwa tayari chini ya mlingoti, bendera mapajani, anatafuta kamba.

"Ngojeni!" akanguruma Kiboko.

Akainuka, akatembea, pu, pu, pu, akakikalia kigoda cha Nguchiro. Sasa amekalia viwili, tako moja hapa, tako moja pale.

"Kadudu haka kanakaa na mimi kwa lipi? Nani hapa amewahi kukaona kakifunga? Mimi nimefunga kwa ajili ya watu wawili. Nataka vigoda viwili, na marundo mawili ya matikiti. Anayebisha aje hapa mbele."

Nani aende? Mama Korongo akabadilisha mguu. Wachaguzi wengine wakaanza kukagua kucha zao. Mama Nguchiro akaanza kuikunja tena bendera, taratibu, upindo kwa upindo.

Nguchiro alipoona mikono ile ikikunja, macho yalimjaa machozi. Alitaka kumrukia Kiboko amng'ate sikio. Lakini akamtazama vizuri, akaona kwamba Kiboko hamtazami yeye wala mama yake. Anayatazama matikiti. Si yale marundo mawili tu. Yote matano.

Nguchiro akafuta machozi. Akasogea, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nashangaa tu, mkubwa. Viwili? Mtu mzito kama wewe?"

Kiboko akainua nyusi. "Kwani vipi?"

"Twiga amefunga kwa urefu tu, si kwa ufundi. Wewe ungekuwa na shingo ile si ungefunga umelala? Hebu niambie, kigoda cha kwanza ni cha nani?"

Kiboko akafikiri. "Changu."

"Mbuni kazi yake kukimbia tu. Cha pili ni cha nani?"

"Changu!"

"Kima ananing'inia kwenye chuma kama nguo kambani. Cha tatu ni cha nani?"

"Changu!"

"Cha nne?"

"Changu!"

"Na cha tano?"

"Vyote vyangu!" Kiboko akavivuta vigoda vyote kwa mkono mmoja, akavipanga, akajitandaza juu yake. "Wachezaji watano bora wa msimu huu ni mimi, mimi, mimi, mimi na mimi. Tangaza, mama!"

Twiga akainamisha shingo yake yote mpaka sikioni kwa Nguchiro. "Wewe umerogwa? Umetunyang'anya vigoda vyetu!"

"Funga kamba za viatu, kaka," Nguchiro akamnong'oneza. "Tunacheza."

Kisha akapaza sauti. "Mama Korongo, tangaza kama anavyotaka. Na mila ifuatwe. Wateule wa vigoda vitano wacheze na watano kutoka kwetu tuliobaki. Wa kwanza kufunga vikapu kumi ndiye mshindi."

"Hata sasa hivi!" akasema Kiboko. "Nawatosha peke yangu."

Na waliobaki ni akina nani? Nyie niambieni. Twiga, Mbuni, Kima, Nguchiro, na wa tano wakamwongeza Swala. Kiboko alikuwa ameitoa timu bora ya nchi kutoka upande wake, akaiweka upande wa pili kwa mdomo wake mwenyewe.

Refa Kasuku akapuliza filimbi, priii! Kiboko akapewa mpira aanze. Du! Du! Du! Ardhi ikatikisika. Mbuni akaruka pembeni, Swala akaruka pembeni, na mwenye akili yupi asingeruka? Chwaa! Kimoja kwa Kiboko.

"Mmeona?" Kiboko akajipiga kifua.

Wao wakaanza. Nguchiro, du-du-du, chini ya tumbo lile kubwa, fyuu! Kwa Twiga. Chwaa! Kimoja kwa kimoja. Sasa mpira ni wa Kiboko, na sheria inasema aurushe kutoka nje ya mstari. Akatoka nje ya mstari. Akaushika. Akatazama uwanjani.

Uwanjani hakuna mtu wake.

Akaurusha mbele, akaingia mbio, akaudaka mwenyewe. Priii!

"Kosa," akasema Kasuku. "Mrushaji haugusi mpaka mwenzake auguse."

"Mwenzangu yupi?"

"Hilo hata mimi najiuliza. Mpira kwao!"

Du-du-du, chini ya tumbo, fyuu! Kwa Kima. Chwaa! Kiboko akatoka tena nje ya mstari. Safari hii akaukumbatia mpira, akakataa kuurusha. Kasuku akahesabu polepole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Priii! Umeuchelewesha. Mpira kwao!"

Du-du-du, chini ya tumbo, fyuu! Kwa Mbuni. Chwaa! Kiboko nje ya mstari. Priii! Fyuu! Kwa Swala. Chwaa! Nje ya mstari. Priii! Watazamaji wakaanza kuhesabu pamoja na Kasuku, na watoto wakawa wanapiga filimbi kwa midomo. Kiboko alivuja jasho mpaka uwanja ukateleza.

Wakafika vikapu tisa. Kiboko yuko nje ya mstari, mpira mikononi, macho mekundu. Huku anahesabiwa, huku matikiti yanamtazama.

"Moja! Mbili!"

Nguchiro akasimama mbele yake, akafungua viganja viwili vidogo.

"Nirushie mimi, mkubwa."

"Wewe si wa upande wangu!"

"Una mwingine?"

"Tatu! Nne!"

Kiboko akababaika. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu, na viganja viko pale pale, wazi, vinamsubiri. Na Kiboko, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpa mtu mpira, akampa.

Pasi ilikuwa nzuri, nisimdhulumu. Nguchiro akaidaka, na Kiboko mwenyewe bado yuko nje ya mstari. Twiga akaita, "Huku!" Mbuni akaita, "Huku!" Lakini safari hii Nguchiro hakupasi. Aliutazama mlingoti, akaushika mpira kwa mikono miwili, akaurusha kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Mpira ukapanda, ukatua juu ya duara la chuma. Kurukuru, kurukuru, ukazunguka.

Chwaa!

Kikapu cha kwanza cha Nguchiro tangu msimu uanze, na ndicho cha kumi. Kiboko akavikosa vigoda vyote vitano, akakaa chini. Mama Korongo akamwita Nguchiro wa kwanza kabisa, kabla hata ya Twiga, akamkalisha. Miguu yake haikufika chini. Aliona fahari mpaka mkia ukasimama.

Na Mama Nguchiro akavuta kamba. Bendera ikapanda na mikunjo yake yote ya miaka, upepo ukainyoosha. Hakuna aliyeuliza kama ni shuka la wageni. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akalia, na safari hii alilia mbele za watu.

Nguchiro akachagua tikiti moja kubwa kwenye rundo lake, akalibingirisha mpaka miguuni kwa Kiboko. "Pasi hiyo, kaka."

Kiboko akalipasua, akala. Akiwa na mdomo uliojaa akauliza, "Kile kikapu cha mwisho, pasi alitoa nani?"

"Wewe, mkubwa."

"Enhe!" akasema Kiboko. Akarudi Mtoni kifua mbele, na huko anajisifu mpaka kesho kwamba pasi bora ya msimu ule ni yake.

Basi, funzo la ngano hii ni kwamba mpira wa kikapu ni mchezo wa warefu na wanene. Nyie wafupi bakini nyumbani mfue jezi. Na ukipewa kigoda kimoja, dai vitano.

Ngano yangu imeingia wavuni. Aliyeidaka ampasie mwenzake. Atakayeing'ang'ania peke yake...

"Priii!"