Mstari wa Masale

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ya juzijuzi, baada ya watu wenye haraka kung'oa mabati ya josho la ng'ombe la Mlongeni, palikuwa na mama mmoja milimani huko aitwaye Nanzia. Alikuwa na binti, Nakunda, ambaye watu wote walimwita Kunda. Kunda alizaliwa haoni. Alijua kuimba. Alijua kuchambua maharage. Alimjua kila mtu wa mtaani kwa kikohozi chake. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni kwenda mahali peke yake.

Sasa, lile eneo la josho lilikuwa ardhi ya umma. Ng'ombe walipopungua halmashauri ililiacha, nyasi zikaota, mbuzi wakafanya makao. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wakakaa, wakasema tuombe tukodishiwe pale, watoto wapate darasa na mahali pa mazoezi ya viungo. Mwaka wa kwanza waliomba, wakaambiwa wasubiri. Mwaka wa pili waliomba, faili likapotea. Mwaka wa tatu hawakuomba. Walikwenda wote, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengine wanasukuma viti vya magurudumu, wakaketi kwenye korido ya halmashauri mpaka watumishi wakakosa pa kupita. Siku hiyo faili likaonekana.

Wakapewa mkataba wa miaka kumi, wenye masharti. Nanzia ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi. Aliyasoma masharti yale ofisini, akayasoma tena nyumbani huku ugali unaungua, mpaka akayajua kwa kichwa. Sharti la nne lilisema hivi: mpangaji hatapanda mmea wa kudumu, wala hataweka alama ya mpaka ndani ya eneo.

Lishikeni hilo sharti, maana ndilo lililowakosesha watu usingizi.

Mwalimu akaletwa. Jina lake Somoe, mzaliwa wa pwani ya kusini, mcheshi, mwenye kanga za kila rangi, na katika tarafa nzima hakuna mwingine aliyejua kufundisha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Na jirani akajitokeza. Jina lake Sifaeli, mkulima, shamba lake limepakana na eneo lile. Alitengeneza meza, akachonga fito za kushikilia watoto wanaojifunza kusimama, akaruhusu bomba la maji la shule lipite kwenye migomba yake. Hakuwa na mtoto mlemavu. Alisema tu kwamba kelele za watoto zinamfaa kuliko kelele za mbuzi.

Kutoka darasani hadi chooni ni hatua sitini. Na pembeni ya njia hiyo kulikuwa na shimo la josho la zamani, refu, lenye kingo za saruji, ambalo halmashauri iliahidi kulifukia na bado ilikuwa inaahidi.

Mwalimu Somoe akafunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi chooni, watoto wasioona waifuate kwa mkono. Siku ya tisa kamba ikaonekana shingoni mwa ndama wa mtu. Nanzia akafunga waya. Waya ukaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sifaeli akachimbia fito. Fito zikageuka kuni.

Asubuhi ya kwanza bila fito, Kunda alitoka darasani akidhani zipo. Walimkuta baadaye, kipindi kizima kimepita, ameketi chini shimoni na mkono umevunjika. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ndogo, anatafuta alipokosea.

Kuanzia siku hiyo Nanzia hakuwa na amani. Akiwa shambani, alisikia mtu anaanguka. Akiwa sokoni, alisikia mtu anaanguka. Akaenda shuleni, akawakalisha Mwalimu Somoe na Sifaeli, akawaambia anataka kitu kisichoibwa, na hajali ni kitu gani.

Mwalimu Somoe akauliza, "Ninyi watu wa huku, kitu gani hamkiibi?"

Sifaeli aligeuka, akatazama mpaka wa shamba lake. Kisha akasema, "Masale."

Mwalimu hakuyajua. Akaelezwa kwamba ni mmea wa majani marefu, unaota kwa kuchomekwa tu, na hakuna mtu wa milima hiyo atakayeugusa. Mwizi wa kuku hagusi. Mwizi wa ng'ombe hagusi. Mtoto akiuvunja kwa bahati mbaya, mama yake huenda kuomba radhi. Alielezwa hayo yote isipokuwa sababu. Sababu ni kwamba masale hupandwa mpakani. Palipo na mstari wa masale, huku ni kwako na kule ni kwangu, na maneno yameisha.

Mwalimu akacheka kwa furaha, akasema basi yaletwe leo. Nanzia akamtazama Sifaeli. Sifaeli akamtazama Nanzia. Hakuna aliyelitaja sharti la nne.

Sifaeli akayakata kwenye mpaka wa shamba lake mwenyewe. Mwalimu Somoe akaonyesha yapite wapi. Nanzia akachimba, akachomeka, akashindilia udongo kwa kisigino.

Masale yakashika. Kunda akaanza kuyafuata, kiganja juu ya majani, jani kwa jani, akafika chooni, akarudi. Mwezi wa pili alikwenda bila kuhesabu. Mwezi wa tatu alikimbia. Nanzia alisimama mlangoni mwa jiko la shule, akaona mtoto wake anakimbia, uji ukafurika asiuone.

Hata bwana ardhi wa halmashauri alikuja kukagua. Masale yalimfika magotini. Alikuwa mtu wa milima hiyohiyo. Akanywa chai, akasema mmepapendezesha, akatia sahihi kitabu cha wageni, akaenda zake. Usiku huo Nanzia alilala.

Lakini masale hayaachi kukua kwa sababu mtu amelala. Yalipofika kifuani, wapita njia wakaanza kuyatazama vingine. Yametoka mlangoni, yamepita katikati, yameelekea chooni, upande wa shamba la Sifaeli. Na yamefanana na ya Sifaeli. Wakasema ardhi yetu ya umma imegawanywa mchana kweupe, mbele ya watoto wasioona. Barua ikaandikwa. Ikapata sahihi nyingi.

Bwana ardhi akarudi na barua mfukoni, na safari hii chai aliikataa. Akawasimamisha watatu hao kwenye kibaraza cha darasa. Akasema, kama kikundi ndicho kilichopanda, basi kikundi kimevunja mkataba, eneo linarudi, na wapo wanaolitaka kwa ajili ya ghala, faili lao liko mezani kwake. Kama aliyepanda ni mtu mmoja, mtu huyo ataondolewa, yeye na familia yake, wasikanyage hapa tena. Masale yatang'olewa, mkataba utaendelea, na halmashauri itaweka uzio wa chuma uliosimikwa kwa saruji kando ya njia ya chooni. Hilo kalipigania mwenyewe, na limekubaliwa.

"Nataka jina moja," akasema. "Katibu ataandika. Mimi nazunguka kupima jengo. Nikirudi hapa nalikuta."

Akatoa futi yake ya chuma, akaenda.

Mwalimu Somoe ndiye aliyeanza. "Mlijua," akasema. "Mlinitazama nikicheka, na mlijua."

Akawageukia wote wawili.

"Niandikeni mimi basi. Mimi mgeni, kesho watanihamisha, nitafundisha kwingine. Ila mjue mnamwandika asiyekuwa na habari. Na hao kumi na wanne mle ndani, vidole vyao ndiyo kwanza vimefika herufi ya kumi na mbili. Atakayewavusha mnaye?"

Hawakuwa naye. Nanzia alijua, maana ndiye aliyeandika barua sita kuomba mwalimu, na jibu lililokuja lilikuwa moja.

Sifaeli alikuwa anachuna kucha. Akasema alijua, ndiyo, na hatakataa. Aliyatoa masale yake kwa mtoto ambaye si wake, kwa sababu kamba ziliibwa na fito ziliibwa, na yeye ndiye aliyemtoa Kunda shimoni. Kisha sauti ikamshuka.

"Lakini mkiniandika mimi, Mama Kunda, mmewathibitishia walioandika barua. Marehemu baba alishtakiwa kwa mpaka. Akashinda kesi, na bado mpaka leo wananiita mtoto wa msogeza mpaka. Wanangu watatu watalibeba jina hilo. Hakuna atakayetaka kupakana nao. Na bomba la maji linapita kwangu. Mnadhani wanangu wataliacha lipite, baba yao akifukuzwa kama mwizi?"

"Mwandikeni bwana ardhi," akasema mwalimu. "Si ndiye aliyesema tumepapendezesha?"

Wakacheka wote watatu, kicheko kifupi. Kisha wakasikia futi ya chuma ikigonga ukuta wa nyuma, na kicheko kikaisha.

"Na wewe?" Sifaeli akamuuliza Nanzia. "Wewe ndiye katibu. Sharti unalijua kuliko sisi. Na wewe ndiye uliyetaka."

Nanzia alikuwa amelitazamia swali hilo, na bado lilimpiga. Ni kweli, yeye ndiye aliyetaka. Yeye ndiye aliyeshindilia udongo. Angekuwa peke yake angejiandika zamani na kwenda zake. Lakini bwana ardhi alisema mtu na familia yake.

"Nikijiandika," akasema, "nimemwandika Kunda. Watoto wote watabaki na darasa, na uzio wa chuma watapata. Yule aliyevunjika mkono ndiye atakayekaa nyumbani."

Alikuwa hajamaliza, Kunda akatokea kwenye masale, anamwongoza mtoto mdogo kwa mkono, anamwonyesha namna ya kugusa jani bila kulivuta. Alipokaribia kibaraza akasimama, akageuza sikio.

"Mama," akasema, "mbona mnapumua hivyo?"

Nanzia akamwambia waende darasani. Wakaenda.

Upande wa nyuma, futi ya chuma ikajivuta na kujikunja kwa kishindo. Viatu vya bwana ardhi vikasikika kwenye kokoto, vinakuja, wala havikuwa na haraka. Mwalimu Somoe alikuwa anatazama ukuta. Sifaeli alikuwa anatazama shamba lake. Nanzia akaketi, akaiweka karatasi juu ya paja, akaishika kalamu, akaikandamiza hata karatasi ikatoboka kabla ya herufi ya kwanza.

Haya, ninyi mliokaa mnasikiliza, mkono wa Nanzia ungali juu ya karatasi na viatu vimefika kwenye kona. Yuko aliyeomba na kupanda, huku sharti analijua neno kwa neno. Yuko aliyeyataja na kuyakata, na hakutaka faida. Yuko aliyechora njia akicheka, asijue anachora nini. Na anayekuja kulichukua jina aliyaona yakiwa magotini, akanywa chai.

Karatasi ina nafasi ya jina moja. Je, nani alistahili kuandikwa?