Mtihani wa Bi Nakiete

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana baadhi ya watu wa hadithi hii wangali wanapumua, alikuwako mama mmoja milimani Upareni, jina lake Bi Nakiete. Umri wake miaka themanini na mmoja. Uvimbe ulimwota shingoni, ukapewa jina: saratani ya tezi. Mdogo wake alikufa kwa ugonjwa huohuo, amekabwa koo siku tisa, na Bi Nakiete alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa vile.

Walikuwako wanawe wawili: Nakijwa, binti aliyeishi naye, na Mbonea, aliyeishi mjini. Na alikuwako daktari wa hospitali kubwa, kijana mwenye adabu zake. Nawaambieni mapema, hakuna mbaya humu. Ndiyo maana hadithi hii inaniudhi.

Daktari akawaeleza: "Dawa ipo. Kwanza tunaitoa tezi kwa kisu. Baadaye bibi anameza kidonge cha mionzi, kinaitafuta saratani popote ilipojificha, kinaichoma. Lakini akishameza, mwili wake utatoa mionzi siku kadhaa. Atakaa chumbani peke yake. Atakula mwenyewe, ataoga mwenyewe, hapana wa kumshika mkono. Kwa hiyo lazima nijue kama atakihimili kisu, na kama ataweza kukaa peke yake."

"Utajuaje?" akauliza Mbonea.

"Mleteni baada ya wiki moja nimpime. Atainuka kitini bila kushika kitu, atatembea hadi kwenye mstari, atageuka, atarudi. Na nitamwuliza maswali."

Wiki ile Nakijwa hakulima. Kila asubuhi aliweka kigoda uani, akachora mstari kwa jivu. "Inuka, mama. Nenda. Geuka. Rudi." Bi Nakiete akainuka, akaenda, akageuka, akarudi. Siku ya kwanza alianguka. Siku ya tatu aliyumba. Siku ya saba alitembea vizuri, hata jirani akapiga vigelegele. Safari ile moja aliiweza. Nyingine yoyote hakuiweza.

Siku ikafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akainuka, akaenda, akageuka, akarudi. Daktari akatazama saa yake, akaridhika.

"Bibi, umewahi kuanguka mwaka huu? Umewahi kupotea njia?"

Nakijwa alijua. Mama alikuwa ameanguka mara tatu, na mara mbili majirani walimrudisha kutoka shambani kwake mwenyewe, hajui kwao ni wapi. Lakini kumsema mama mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Nakijwa akatazama sakafu.

"Nianguke?" akasema Bi Nakiete. "Juzi tu nimeshuka mlima na mzigo wa kuni." Juzi hiyo ilikuwa na miaka sita.

Daktari akatoa karatasi na penseli, bibi achore uso wa saa, ijulikane akili yake ikoje. Mbonea akaingilia kati: "Daktari, mama hakusoma. Usimwaibishe." Daktari alijua njia nyingine, ya kumpa mtu maneno matatu na kumwuliza baadaye kama anayakumbuka. Lakini na yeye alilelewa. Aliona haya kumtahini bibi mbele ya wanawe. Akairudisha karatasi kwenye droo, akatia sahihi.

Bi Nakiete akapasuliwa. Shingo ikapona vizuri kabisa. Lakini alipoamka kutoka usingizi wa dawa, akili haikurudi, miguu haikurudi. Siku ya kidonge ikafika naye hajui kushika kijiko. Daktari akasimama kando ya kitanda, akasema, "Hawezi kuachwa peke yake mle chumbani, na hakuna anayeruhusiwa kukaa naye. Kidonge siwezi kumpa." Na saratani ilikuwa imeshafika mapafuni.

Nakijwa akasema, "Kosa ni langu. Mimi nilimfundisha mtihani. Lakini ningesema kweli mngemrudisha nyumbani, akakabwa kama mama mdogo."

Mbonea akasema, "Kosa ni langu. Mimi niliizuia karatasi. Lakini mama yangu aaibishwe na penseli, nami nimekaa hapo nikitazama?"

Daktari akasema, "Kosa ni langu. Kupima ni kazi yangu. Ningejua, ningempa miezi miwili ya kula na kujinyoosha kwanza, labda angeweza. Au ningemwacha nyumbani na dawa za maumivu, akiwatambua wanawe. Lakini niliuliza, nikajibiwa."

Labda. Neno hilo limenichosha, jamani.

Asubuhi moja akili ilimrudia Bi Nakiete kwa kitambo. Akawatazama wote watatu, akawatambua. Akajaribu kuinua mkono, haukuinuka. Akauliza kwa sauti yake ileile ya siku zote:

"Nani aliwaambia naweza?"

Mbonea akamtazama Nakijwa. Nakijwa akamtazama daktari. Daktari akatazama chini. Na jibu moja lilikuwa "Ni wewe, mama," na hilo hakuna mtoto wa kulitamka. Mama akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, macho yakizunguka kutoka uso huu hadi uso ule, kisha yakafifia. Hakuuliza tena mpaka alipozikwa.

Basi ninyi mlionisikiliza, msitazame chini kama wao. Je, nani alistahili kumjibu?