Mkeka wa Liwali Kifaru

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti hizo zimesinzia. Sogeeni motoni, enyi wenzangu! Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa mji ukiitwa Kitovuni, zamani zile za kale, wanyama na wanadamu walipokuwa wakigombea ndoo kwenye kisima kimoja. Mji huo ulikuwa na malango mawili, Lango la Mawio na Lango la Machweo, na baina yake palikuwa na mtaa wa mjini kati: nyumba zenye baraza za mawe, wachoma mahamri, mafundi cherehani, na watoto waliocheza kombolela mpaka waitwe kuoga.

Ndipo akatawazwa Liwali Kifaru. Kifaru, kama mjuavyo, haoni kando. Huona mbele tu, na mbele kwenyewe si mbali. Akanguruma, "Mji ni njia! Njia ni mbio! Mbio ni maendeleo!" Akayapitisha magari ya punda katikati ya mtaa, nayo yakapita mbio, mbio, mbio. Vumbi likayala mahamri kabla ya walaji. Watu wakafunga milango. Kobe muuza kahawa akawa hathubutu kuvuka kwa wateja wake wa ng'ambo.

Kisha mbiu ikapigwa: "Baada ya sikukuu ya mavuno, baraza zote zitabomolewa! Magari yanataka nafasi!"

Bi Sikudhani, msuka mikeka, aliposikia hayo aliuweka chini ukili wa miyaa aliokuwa akiusuka. Akamchukua Kobe, akamchukua na Kanga mwenye vifaranga, wakaenda kwa Liwali.

"Shikamoo, Liwali."

"Marahaba. Semeni upesi."

"Baraza yangu ndiyo karakana yangu. Hapo ndipo mama aliponifunza kusuka. Ukiivunja, nitasukia wapi?"

"Sukia ndani."

"Ndani kuna giza, bwana."

"Washa taa!"

"Na wanangu je?" akadakia Kanga. "Nao wakacheze ndani ya taa?"

Kifaru akapiga chafya kwa hasira. "Mtaa huo umekufa! Naupita kila siku, wala sijaona cha kunisimamisha."

"Na ukisimama?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mimi? Kifaru hasimami!"

"Basi tuwekeane ahadi. Siku ya sikukuu tuachie mtaa, tuupange wenyewe. Wewe upite kwa miguu, lango hadi lango. Ukisimama kwa hiari yako, mtaa ni wetu na baraza zinabaki. Usiposimama, nitashika sururu mimi, nianze na baraza yangu."

"Nimekubali!" akasema Kifaru, akicheka hata pembe ikatikisika.

Kobe alipotoka nje akanong'ona, "Dada yangu, sururu umewahi kuishika?"

"Sijawahi, wala sitaki kujifunza. Twende!"

Sasa jueni ada ya Kitovuni: penye mkeka uliotandikwa hapapiti gari, na mwenye viatu haukanyagi mpaka avivue. Ndiyo maana wasichana wa mji waliimba hivi:

*Mkeka ukitandikwa, kiatu kinavuliwa,*
*Kahawa ikiinjikwa, mgeni anangojewa,*
*Nyumba inapoezekwa, wenyewe washauriwa,*
*Mji usiotembewa, ni mji uliofiwa.*

Mkesha wa sikukuu, jua likingali juu, watu wakatoa mikeka. Ee, furaha iliyoje! Mikeka myekundu, mikeka ya kijani, mikeka ya rangi ya manjano! Kila mmoja akatandika mbele ya mlango wake, akaongeza, akaongeza, akaongeza, hata mtaa mzima ukafunikwa. Kobe akafika na birika lake, akakwama ukingoni.

"Nipite wapi, jamani?"

"Ruka!" akasema fundi cherehani.

"Niruke? Mimi?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikageuka ugomvi. "Sogeza wako!" "Sogeza wako wewe!" "Wangu ulitangulia!"

Bi Sikudhani akapanda barazani, machozi yakimlenga. "Kunjeni yote! Tumekuwa Kifaru sisi. Kila mtu ameona mbele ya mlango wake tu."

Mikeka ikakunjwa.

"Kobe, ndugu yangu, tangulia. Nenda upendako. Sisi tutatandika usikopita."

Kobe akatangulia. Alipokifuata kivuli, njia ikafuata kivuli. Alipotua kupumua, pakawekwa mtungi wa maji. Kanga akapaza sauti, "Hapa wanangu huvuka!" pakaachwa kivuko. Mchoma mahamri akaulizwa atakaa wapi, fundi akaulizwa, ajuza asiyeona vizuri akaulizwa naye. Njia ikajipinda polepole kama ukili mkononi mwa msuka, na kila mtu akapata pa kuketi na pa kupita.

Usiku ule Bi Sikudhani hakulala. Kulipokucha, akatandika mbele ya baraza yake mkeka mpya, mpana kuliko yote.

Siku ikafika! Ngoma zikalia, mahamri yakafura mafutani, milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka. Liwali Kifaru akaingia kwa Lango la Mawio, viatu vyake vizito: gwa! gwa! gwa!

"Karibu mahamri, Liwali!" Akapita.

"Karibu ngoma, Liwali!" Akapita.

"Karibu kivulini, Liwali!" Akapita.

Mbele yake alikuwapo Kobe na birika. Kushoto mikeka, kulia mikeka. "Ongeza mwendo!" akanguruma Kifaru.

"Huu ndio mwendo wangu wa mbio, bwana," akajibu Kobe.

Kwa kuwa alikwenda taratibu, Kifaru akaanza kuona kando. Akaona nyuso. Akasikia akitajwa jina. Na Lango la Machweo lilipokaribia, akauona ule mkeka mpana, mtupu.

"Huu wa nani?" akauliza, miguu ikiendelea.

"Wako, Liwali," akasema Bi Sikudhani.

"Wangu?"

"Tulimwuliza kila mtu ataketi wapi. Wewe ulikuwa ukipita mbio, hatukuwahi kukuuliza. Tukaukisia upana wako."

Wasikilizaji wangu, tangu atawazwe, Kifaru alikuwa akipishwa tu. Hakuna aliyewahi kumkaribisha. Akautazama mkeka. Akautazama tena. Akautazama tena. Kisha akainama, akavua kiatu kimoja.

Ngoma zikanyamaza. Kanga akawafunika vifaranga kwa mbawa.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Kifaru, kiatu mkononi.

Kobe akageuka, polepole kama ada yake. "Bwana, hakuna avuaye kiatu huku akienda."

Kifaru akaitazama miguu yake. "Nimesimama?"

"Umesimama, bwana."

"Lo!" Akavua na cha pili, akaketi, mkeka ukamtosha barabara. "Basi magari yazunguke nje ya ukuta. Na kahawa ije!"

"Inakuja," akasema Kobe.

"Lini?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na Liwali akacheka kuliko wote. Bi Sikudhani akarudi barazani kwake, akauokota ukili wake, akaanza kusuka mwangani, huku vifaranga wakivuka njia na kurudi, wakivuka na kurudi, wakiimba:

*Mji usiotembewa, ni mji uliofiwa.*

Hadithi yangu nayo imevua viatu, imeketi hapo.