Fisi na Mchezo wa Zimwi

Mwaka ule kiangazi kilikausha mito yote, ikabaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ya Simba. Simba, aliyejiona haogopi kitu, akapiga mbiu: "Atakayetunga mchezo wa kunitisha mimi, atakunywa wa kwanza hadi mvua inyeshe."

Fisi aliwahi jukwaani na mchezo wake wa miaka yote: mama anakwenda shamba, zimwi linaigiza wimbo wake, watoto wanafungua mlango. Kila neno wanyama walilitamka kabla yake. Hata Kobe alimtangulia! Nyani naye, kwa maringo ya usomi, akaondoa zimwi, mlango na watoto, akaweka jiwe juu ya mkeka. Wanyama wakalala.

Simba akanguruma: "Nataka zimwi ninalolijua, linitie hofu nisiyoijua! Kesho asubuhi!"

Fisi alikuwa na kiu ya kulamba mawe, lakini kufikiri hakutaka. Alinyemelea kwa Sungura, akamkuta anaandika mchezo. Sungura alipoinuka kuchimba mizizi, Fisi akakwapua karatasi, akatimua mbio. Hakungoja hata mwenyewe amalize.

Asubuhi Fisi na nduguze wakaucheza. Zimwi likagonga mlango, likaimba wimbo wa mama. Wanyama wakapiga miayo. Watoto wakafungua, zimwi likajitupa ndani likitetemeka. "Fungeni mlango, wanangu! Upesi!"

Miayo ikakatika. Mlango ukagongwa tena.

"Nani huyo?" Simba akauliza, makucha yamemtoka.

Fisi akapekua karatasi. Zilikuwa zimekwisha. "Ni... ni zimwi, Mfalme."

"Zimwi si limo ndani?"

"Hili jingine. Ni... ni kubwa zaidi!"

Kicheko kililipuka hadi vumbi likatimka. "Lina mkia pia?" Nyani akamdhihaki. Fisi akaufyata wake.

Ndipo Sungura akasimama. "Aliye nje, Mfalme, anaimba wimbo ule ule wa mama, kwa sauti ya mama. Na zimwi linawanong'oneza watoto: 'Msifungue. Mama yenu nilimla jana.'"

Hakuna aliyecheka. Simba alijisogeza kwa mkewe, akadai anasikia baridi, jua likiwa kali.

Sungura akanywa wa kwanza. Fisi akanywa wa mwisho, baada ya ngiri kugaagaa humo, akalamba tope. Nguo ya kuazima haisitiri matako.